Je, Wajua? Sindano Inaingia Wapi?

Umenunua uzi Kariakoo ufume vitambaa vya makochi, halafu maelekezo yanasema "kitanzi cha nyuma tu". Usiogope. Tazama juu ya mshono wowote wa kroshia: utaona nyuzi mbili zilizolala kama herufi V. Maelekezo yasiposema kitu, sindano hupita chini ya zote mbili. Kitanzi cha nyuma ni ule uzi ulio mbali nawe. Ukiufuma peke yake, wa mbele hubaki wazi na kuchora mstari mzuri ulioinuka. Ukiambiwa uzungushe sindano kwenye shina la mshono, utapata matuta kama kamba. Na ukikuta "singo kroshia", maelekezo hayo ni ya Kimarekani. Waingereza mshono huohuo huuita "dabo".