Kwa nini ThinkPad ya mtumba humfaa mwalimu wa Chebunyo

MWALIMU wa Sekondari Msingi katika wadi ya Chebunyo, eneobunge la Chepalungu, Kaunti ya Bomet, ana kazi mbili. Ya kwanza ni kufundisha. Ya pili ni kujaza mtandaoni ripoti ya yale aliyofundisha.

Kazi hii ya pili ilishika kasi mwaka wa 2016, Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) ilipoanzisha tathmini ya utendakazi, TPAD. Kisha ukaja Mtaala wa Umilisi (CBC), ambapo shule hupakua kazi za tathmini kutoka kwa tovuti ya Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC) na kupakia alama huko kabla ya makataa. Si alama za mchezo. Katika mtihani wa kwanza wa KJSEA, uliofanywa 2025, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 zilichangia asilimia 20 ya matokeo ya mwanafunzi.

Ndiposa swali la kipakatalishi kipi kinunuliwe haliwezi kuachiwa wapenda mitambo pekee. Mwalimu hununua kimoja, mara nyingi kwa mkopo, na hutarajia kimfae kwa miaka mingi.

Adui wa kwanza ni stima. Mnamo Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilitumbukia gizani, na masaibu hayo yakajirudia Novemba 11 na Desemba 10 mwaka huo huo. Hayo yalitangazwa kote nchini. Stima inapopotea kijijini jioni moja tu, hakuna anayetangaza, lakini makataa ya KNEC hayasongi.

Hapa ndipo ThinkPad T480, iliyoingia sokoni 2018, inapojitofautisha. Ina betri mbili: moja imefichwa ndani, nyingine huchomolewa kwa nyuma bila kutumia bisibisi. Ya nje ikiisha chaji, mwalimu huitoa na kupachika nyingine huku kazi ikiendelea, kwa kuwa ile ya ndani hushikilia mashine isizimike. Betri hizo za nje huuzwa kwa ukubwa tofauti. Ile kubwa huhifadhi nishati ya Wh 72, mara tatu ya ile ndogo yenye Wh 24. Mwenye betri mbili kubwa huweza kuzichaji kwa zamu shuleni na kufanya kazi nyumbani bila hofu.

Isitoshe, mashine hiyo huchajiwa pia kupitia tundu la USB-C. Aliye na sola na betri ya volti 12 nyumbani anaweza kutumia chaja ya gari ya USB-C, mradi iwe na uwezo wa wati 45 au zaidi, bila kununua kigeuza umeme.

HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490, za umri huo huo, nazo ni imara, tena nyembamba zaidi. Hata hivyo, betri zao zimefungiwa ndani. Kwa mfanyakazi wa ofisi ya Nairobi hilo si hoja. Kwa Chebunyo ni hoja kubwa.

Adui wa pili ni vumbi. Anayedhani kwamba Bomet yote ni majani chai na ukungu hajafika huku chini, kwenye joto, mahindi na ng'ombe. Kipeperushi kikijaa vumbi, mashine hupata joto na kuzembea, na sharti ifunguliwe isafishwe. Lenovo, iliyonunua kitengo cha kompyuta cha IBM mwaka wa 2005 na kurithi jina la ThinkPad lililoanza 1992, huweka mtandaoni bila malipo mwongozo wa ukarabati wa kila modeli, unaoonyesha kila skrubu na mpangilio wa kuitoa. Fundi wa Sigor au Bomet mjini hahitaji kubahatisha. Kibodi nayo ina mifereji ya kupitisha maji chai yakimwagika, ingawa si ruhusa ya kuyamwaga.

Kasoro zipo. T480 nyingi zina kiwambo hafifu kisichosomeka vyema juani, na betri kubwa huchomoza chini ya mashine.

Bei nayo ni nafuu kwa sababu kampuni za Ulaya na Marekani hubadilisha vipakatalishi vyao kila baada ya miaka michache, na vile vya zamani huishia katika maduka ya Nairobi kama mtumba. Papo hapo ndipo mnunuzi hunaswa. T470 hufanana sana na T480, hata betri ya nje ni ile ile, na huuzwa kwa bei ya chini. Lakini Microsoft ilikoma kuhudumia Windows 10 kwa kawaida Oktoba 14, 2025, na prosesa za T470 hazimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa na Windows 11. Za T480 zilizo Intel za kizazi cha nane zimo. Tofauti ya tarakimu moja kwenye jina ndiyo hutenganisha mashine inayoendelea kupokea marekebisho ya usalama na ile inayohitaji mfumo mwingine, kwa mfano Linux.

Kabla ya kulipa, mnunuzi awashe mashine na kubonyeza F1 mara tu nembo inapojitokeza. Ikidai nenosiri, airudishe mezani: hilo ni kufuli la kampuni iliyoimiliki awali, na kulivunja ni kazi inayowashinda mafundi wengi. Kisha achomoe betri ya nje mashine ikiwa imewaka. Ikizimika, ile ya ndani imekufa, na bei ijadiliwe upya.