Kompyuta kuukuu ikianza kuzimika, okoa daftari lako kabla ya kupiga Windows upya

Na Mwandishi Wetu

KOMPYUTA nyingi zinazotumika majumbani na madukani katika miji ya mpakani hazikuingia zikiwa mpya. Nyingine zilinunuliwa za mitumba Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, nyingine zilitoka Dubai, na nyingine zimerudi pamoja na wenyewe, zikiwa zimeviringishwa kwenye blanketi katikati ya magodoro na masufuria. Zinafanya kazi vizuri kwa muda, kisha siku moja skrini inageuka bluu, au maandishi meupe yanatokea kwenye giza yakisema kwamba faili fulani la mfumo halipo au limeharibika.

Hapo ndipo mwenye kompyuta huibeba hadi kwa fundi, na mara nyingi fundi, bila hata kuifungua, husema: "Hii tuipige Windows upya." Baada ya saa mbili kompyuta inawaka, safi kabisa. Ni baada ya kufika nyumbani ndipo mwenyewe anapogundua kwamba orodha ya wadaiwa, picha za familia na nakala za vyeti vya shule vimekwenda. Na wiki mbili baadaye, ile skrini ya bluu inarudi pale pale.

Ndugu msomaji, kuna mambo mawili ya kukumbuka kabla ya kukubali kazi hiyo. La kwanza, faili la Windows linapatikana popote duniani, lakini daftari lako la madeni liko kwenye mashine hiyo tu. La pili, kuharibika kwa faili la mfumo mara nyingi ni homa, si ugonjwa wenyewe. Ugonjwa huwa kwenye umeme, kwenye diski, au kwenye kumbukumbu ya mashine. Anayetibu homa peke yake atarudi kwa fundi tena.

Faili la mfumo ni nini?

Windows ni mkusanyiko wa maelfu ya mafaili, mengi yakiwa ndani ya folda iitwayo System32. Kompyuta inapowaka huyasoma kwa mpangilio, na likikosekana moja la lazima, kazi inasimama. Mafaili hayo huharibika kwa sababu zinazojulikana: umeme kukatika wakati diski inaandika, diski kuzeeka, kumbukumbu mbovu inayobadilisha maandishi, virusi, na zile programu za kuvunja leseni ambazo hubadilisha mafaili ya mfumo makusudi ili Windows isiyolipiwa ikubali kufanya kazi.

Kabla ya hofu yoyote, chomoa flashi na CD zote. Ujumbe wa "NTLDR is missing" katika Windows XP, au "BOOTMGR is missing" katika Windows 7, wakati mwingine hutokea kwa sababu tu kompyuta inajaribu kuwakia kwenye flashi iliyosahaulika. Ichomoe, washa tena. Kama tatizo lilikuwa hilo, limekwisha bila gharama.

Kama ni skrini ya bluu, ipige picha kwa simu. Katika Windows XP na Windows 7, tafuta namba inayoanza na 0x. Uzuri wa namba hiyo ni kwamba haibadiliki hata kama kompyuta yako ilitoka Kongo au Burundi na inaongea Kifaransa. 0x0000007B maana yake mfumo umeshindwa kuifikia diski unayowakia. 0x00000024 na 0x0000007A huelekeza kwenye diski. 0x0000001A na 0x00000050 mara nyingi huelekeza kwenye kumbukumbu. Kama skrini inapita upesi mno, bonyeza F8 mashine inapowaka na uchague mstari unaozuia kompyuta kujiwasha yenyewe baada ya hitilafu.

Okoa mali kwanza

Kama kompyuta bado inawaka, hata kwa kusuasua, usianze na ukarabati. Nakili kwanza. Watu wengi huweka kazi zao kwenye uso wa mbele wa kompyuta, wakidhani hapo ni mahali salama. Si kweli. Uso huo ni folda iliyo ndani ya diski C, ile ile inayofutwa wakati wa kupiga Windows upya. Katika Windows XP, mali yako iko ndani ya folda ya Documents and Settings. Kuanzia Windows Vista iko ndani ya Users. Kama unatumia programu ya mahesabu, fungua ndani yake ujue inaweka wapi faili la biashara yako, kwa kuwa baadhi huliweka kwenye folda yake yenyewe.

Kama haiwaki kwa kawaida, jaribu hali salama, yaani Safe Mode. Katika Windows XP, Vista na 7, bonyeza F8 mara kwa mara mashine inapoanza. Katika Windows 10, shika kitufe cha Shift huku ukichagua kuwasha upya. Kompyuta ikiwaka vizuri katika hali salama, hiyo ni habari njema: uwezekano ni kwamba kosa liko kwenye programu au kiendeshi kilichowekwa karibuni, na unaweza kukiondoa.

Ikikataa kabisa, mlango bado haujafungwa. Fundi anaweza kuitoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine kwa waya wa USB, akasoma mafaili yako bila kuigusa Windows. Au anaweza kuiwasha mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi, ambayo ni ya bure na haihitaji kuwekwa ndani ya diski. Angalizo: matoleo mengi ya sasa ya Linux, Ubuntu ikiwemo, yanahitaji prosesa ya biti 64, na baadhi ya mashine za kabla ya mwaka 2007 hazina. Kwa hizo, njia ya kutoa diski ndiyo rahisi.

Ukisikia diski inagonga "tak, tak, tak" au inakwaruza, zima mara moja na usiwashe tena kwa majaribio. Kila unapoiwasha unapunguza nafasi ya kupata chochote.

Unaponakili kwenye flashi, chukua nyaraka, picha na mafaili ya mahesabu tu, acha programu. Virusi vya flashi vimezunguka sana katika ukanda huu, na Conficker ya mwaka 2008 ilisambaa kwa njia hiyo hiyo. Ukiona folda zako kwenye flashi zimegeuka njia za mkato, usiifomati kwa hasira. Mara nyingi mafaili bado yamo, yamefichwa tu.

Umeme wa upande wa pili

Hapa ndipo mwenye kompyuta iliyovuka mpaka anapohitaji kuwa macho. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia plagi ya Kiingereza yenye meno matatu bapa. Burundi, Rwanda na Kongo hutumia soketi za matundu ya duara. Anayehama na mashine yake hununua adapta ndogo, na adapta nyingi za bei rahisi haziunganishi waya wa ardhi. Ukigusa kasha la chuma na kuhisi umeme unakuwasha vidoleni, ndiyo dalili yake. Badilisha waya mzima badala ya adapta. Waya wa kompyuta ya mezani huchomoka nyuma na bei yake si kubwa.

Kwa kompyuta zilizotoka Marekani kuna hatari kubwa zaidi. Huko umeme ni volti 120. Kwetu ni kati ya 220 na 240. Kompyuta nyingi za zamani za mezani zina swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, nyuma karibu na tundu la waya, yenye namba 115 na 230. Ikiwa iko kwenye 115 na ukaichomeka kwetu, kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme kinaweza kulipuka papo hapo. Itazame kabla ya kuwasha, si baada ya kusikia mlio.

Kisanduku hicho kikichoka, kompyuta huzima ghafla hasa inapofanya kazi nzito, na kila kuzima ghafla ni nafasi ya faili kuharibika. Fungua ubavu wa kasha waya ukiwa umechomolewa, gusa chuma kwanza, kisha utazame vile vikopo vidogo vya duara kwenye ubao mkuu. Vichwa vyake vinapaswa kuwa bapa. Vikivimba au kutoa uchafu wa kahawia, ubao unakufa. Ugonjwa huo uliwakumba sana ubao za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakati uko humo, ondoa vumbi kwenye feni. Vumbi huleta joto, na joto huzima mashine.

Usisahau betri ndogo ya duara, CR2032. Saa ya kompyuta ikirudi miaka ya nyuma kila inapozimwa, betri imekwisha. Tarehe za mauzo zitavurugika, na mipangilio ya ndani ikirudi ilivyokuwa kiwandani, namna ya kuisoma diski inaweza kubadilika na kuleta ile 0x0000007B. Watu wamefutiwa diski nzima kwa kosa la betri.

Pima, kisha tengeneza

Ukishanakili, sasa pima. Fungua ile skrini nyeusi ya amri kwa ruhusa ya msimamizi, uandike chkdsk C: /r, ukubali kwa kubonyeza Y, kisha uwashe upya. Kazi hiyo hutafuta sehemu mbovu za diski na inaweza kuchukua saa nyingi, kwa hiyo usiianze umeme ukiwa wa mashaka. Ikikuta sehemu mbovu nyingi, hakuna amri ya kuiponya diski hiyo, nunua nyingine.

Kwa kumbukumbu, Windows Vista na zilizofuata zina kipimo chake: andika mdsched na uwashe upya. Kwa XP, mafundi hutumia Memtest86+. Kosa hata moja ni kubwa mno. Kama kuna vibao viwili, toa kimoja, pima, kisha kingine, ili ujue kibovu ni kipi.

Diski na kumbukumbu zikiwa nzima, ndipo utengeneze mafaili. Andika sfc /scannow. Windows itakagua mafaili yake na kurudisha yaliyoharibika. Katika XP inaweza kudai CD ya asili. Katika Windows 10, anza na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, halafu sfc. Amri hiyo kwa kawaida huchukua mafaili kupitia intaneti, hivyo hakikisha una bando la kutosha. Kama kosa lilianza siku inayojulikana, System Restore inaweza kurudisha mfumo nyuma bila kufuta nyaraka zako, mradi ilikuwa imewashwa.

Usikubali kushusha faili moja la DLL kutoka tovuti usiyoijua. Hujui ni la toleo gani, wala limebeba nini.

Jambo jingine kwa waliotoka upande wa Kifaransa: kibodi. Kwenye kibodi ya AZERTY, herufi A iko mahali pa Q. Kompyuta ikifungua skrini ya ukarabati kwa mpangilio wa Kiingereza, neno lako la siri litakataliwa ingawa umeandika sawasawa. Chagua mpangilio wa kibodi kwanza kabla ya kudhani umesahau.

Maswali ya kumuuliza fundi

Ipo siku kupiga Windows upya ni haki: diski mpya imewekwa, au virusi vimekula mfumo mzima. Lakini kabla ya kuacha mashine yako, muulize fundi maswali manne. Umenakili mafaili yangu wapi, na naweza kuyafungua hapa mbele yako? Diski umeipima, imesemaje? Kumbukumbu je? Na Windows utakayoweka ni ya leseni au ya kuvunjwa? Fundi mzuri hatachukia kuulizwa, na asiye na majibu ujue hajafika kwenye ugonjwa.

Aidha, umri nao una ukomo. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hizo bado zinaweza kuandika barua na kupiga mahesabu ya duka zikiwa nje ya intaneti. Kutumia XP kwa mambo ya benki au kutuma fedha ni kuacha mlango wazi usiku.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kuziba leo hauhitaji hata fundi: chukua flashi safi, nakili daftari lako la wadaiwa, uichomoe, uiweke mahali pengine mbali na kompyuta. Rudia kila Ijumaa baada ya kufunga duka. Mashine ikifa Jumatatu, utakuwa umepoteza chuma tu.