Siku za seremala zihesabiwe tangu lini?

Hakuna neno linalowachosha watu wa visiwa hivi kama lile la seremala: "Njoo kesho, bwana." Harusi imekaribia na kitanda bado kimelala karakanani bila miguu. Mwenye mali ameghadhibika, fundi anaapa. Nasi tumesimama katika karakana hizo mara nyingi, na wakati mwingine ukali wetu ulipita kiasi. Lakini haki yatulazimu tuulize kwanza: siku za kazi huanza kuhesabiwa lini?

Aghalabu mnunuzi huhesabu tangu alipotoa arubuni. Fundi mkweli hawezi kuhesabu hivyo, kwani kazi yake huanza pale mbao zinapokuwa kavu. Mninga na mkongo hutoka Bara, na mara nyingi mbao hushushwa bandarini zikiwa bado na maji. Mafundi wana kanuni ya zamani kwamba ubao mgumu wa unene wa inchi 1, ukipangwa kivulini na kutenganishwa kwa vijiti ili upepo upite, huhitaji kiasi cha mwaka 1 kukauka. Tanuri huufupisha muda huo ukawa wiki chache, lakini si kila karakana yenye tanuri. Anayeharakishwa akatumia mbao mbichi atakabidhi kabati la kupendeza siku ya harusi. Baada ya miezi michache milango imepinda haifungi, na viungo vimeachia. Na aliyemharakisha ndiye atakayekuwa wa kwanza kulalama.

Wanaoagiza samani kutoka ng'ambo nao wasijione wameokoka. Muda wanaotajiwa dukani mara nyingi ni ule wa kiwanda peke yake. Kontena kujaa, safari ya bahari, kushusha na ushuru vina siku zake.

Mafundi nao hatuwasafishi. Wapo wanaopokea kazi 10 kwa mikono ya watu wawili, wakanunulia mbao za huyu kwa arubuni ya yule. Huo ni udanganyifu. Kurani, katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, imeagiza deni la muda liandikwe. Basi na iandikwe karatasini aina ya mbao, ukavu wake, siku ya kuanza na siku ya kukabidhi.

Lililobaki ni la wakubwa wetu, nasi hatutalimung'unya. Ofisi inayotoa hati ya ununuzi wa madawati mwezi wa Desemba, bila arubuni, ikayataka shule zifunguliwapo Januari, imeagiza mbao mbichi hata kama haikuandika hivyo. Fundi mdogo atakopa, atachelewa, ataandikiwa barua ya onyo. Na mwanafunzi atakaa sakafuni. Fedha za madawati ya Januari ziidhinishwe mara tu masika yanapokwisha, ili mbao zipate kipupwe chote cha kukaukia.