Tiketi Kwanza, Kura Baadaye

Agosti 2022, wapiga kura wa Nyaribari Chache, Kaunti ya Kisii, walipewa karatasi yenye jina na picha ya Zaheer Jhanda, pamoja na wilbaro, alama ya chama cha UDA. Wakamchagua. Mkenya mwenye asili ya Asia akawa mbunge katika nchi ya Abagusii, ambako swali la kwanza kuhusu mgombea ni: huyu ni wa ukoo gani?

Ushindi huo ulikuwa mgumu. Mwaka huo kaunti za Kisii na Nyamira zilimpa Raila Odinga, mpinzani wa mgombea wa UDA, kura nyingi za urais, kwa hiyo wimbi la chama halikumbeba Jhanda. Kilichomsaidia ni kwamba si mgeni: huzungumza Ekegusii, lugha ya Abagusii, hadharani bila mkalimani. Familia za Kihindi zimefanya biashara mjini Kisii tangu ukoloni, lakini kujulikana na mji mzima hakukupi ukoo wa kukuhesabia kura.

Hapo ndipo chama kinapokuwa na nguvu. Asiye na ukoo huhitaji tiketi kuliko mwingine yeyote, na tiketi hutolewa kwa mchujo wa wanachama, kwa wajumbe, au kwa makubaliano ya wakubwa. Huko Kisumu Mashariki, Shakeel Shabbir, naye mwenye asili ya Asia, alikuwa mbunge wa ODM, chama cha Raila, lakini 2017 aligombea bila chama na akashinda. Mwaka 2022 akarudi bungeni kwa tiketi ya ODM. Njia hiyo ya mgombea huru ni ngumu: Katiba inamtaka awe nje ya chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na aungwe mkono na angalau wapiga kura 1,000 wa eneobunge.

Kuna pia viti 12 vya uteuzi katika Bunge la Kitaifa, vilivyokusudiwa makundi maalumu. Majina ya wateuliwa hupangwa na vyama, mbali na macho ya mwananchi.

Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Ni heshima wanayostahili, lakini haikuwapa kiti hata kimoja. Katika maeneobunge manne ya Nyamira, tangu 2013 hajapatikana mbunge wa asili hiyo.

Sheria inasema mchujo wa moja kwa moja ni wa wanachama waliosajiliwa pekee. Msomaji wa mji wa Keroka au Suneka anayetaka sauti yake isikike asingoje uchaguzi wa Agosti 2027: ahakikishe mapema jina lake limo katika sajili ya chama.