Kupogoa si Kung'oa

Mtu wa pwani akipita Kericho au Bomet akakuta shamba la chai limepogolewa, atadhani limeungua. Kumbe mwenyewe hupogoa kila miaka mitatu au minne, kisha hungoja miezi hadi machipukizi yarudi. Hang'oi.

Klabu za mpira hazina subira hiyo. Aliir Aliir, mzaliwa wa kambi ya Kakuma, hapa hapa Kenya, alisajiliwa mwaka 2013 na Sydney Swans, wacheza kandanda ya Kiaustralia, ile ya mpira wa umbo la yai. Hakuingia mechi ya ligi hadi 2016. Tena leo yumo, kesho hayumo. Mwisho wa 2020 wakamwachia Port Adelaide. Msimu wa 2021 akateuliwa kikosi bora cha ligi nzima!

Mimi ningembakisha. Lakini wallahi, mshahara wa mkaa benchi ndio nafasi ya kijana mwingine.