Baba Hajafika

Baridi ya Eldoret haimsitiri mtu wa pwani. Asubuhi moja nalisimama nje ya mahakama ya mji huo, ambao wazee waliuita Sisibo kwa ajili ya shamba namba 64, nimejitanda shuka kama mgonjwa. Ndani sikuingia, kesi za watoto husikizwa faraghani.

Kwenye benchi aliketi bibi mmoja na mjukuu wake. Kila gari lilipopunguza mwendo, mtoto alinyoosha shingo.

"Unamngoja nani, mwanangu?"

"Baba."

Bibi akainamisha uso. "Mzee, hii ni mara ya tatu. Mama yake yumo ndani na wakili. Huyo baba hajafika hata siku moja."

Msomaji mpenzi, korti hufanyaje mzazi mmoja anapojitenga? Zamani sheria ilimwonea haya baba. Mwaka 1969 ilifutwa ile sheria ya 1959 iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba matumizi ya mtoto. Hata Sheria ya Watoto ya 2001 ilimtwika mama huyo mzigo kwanza. Katiba ya 2010, Ibara ya 53, ndiyo iliyosawazisha mizani: baba na mama wana wajibu sawa, wameoana au hawakuoana, na maslahi ya mtoto yatangulie. Sheria mpya ya 2022 ikafuata njia hiyo.

Basi hakimu hatazami nani ana sauti kubwa. Huuliza: nani amemlisha, nani amemwosha, nani amempeleka shule? Huweza kuagiza ripoti ya afisa wa watoto, na mtoto mwenye kujieleza husikizwa. Aliye chini ya miaka kumi aghalabu huachiwa mama, ila pawe na sababu nzito. Na kama mama ndiye aliyetoweka, baba au hata bibi aweza kupewa ulezi.

Lakini aliyejitenga hapati likizo. Sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa mapema: hadhana yaweza kuwa kwa mama, na nafaka ikabaki shingoni mwa baba. Serikali nayo yasema vivyo: kukosa ulezi si kusamehewa matumizi.

Tatizo liko hapa. Korti yaweza kumbana mtu alipe. Yaweza kumpa siku za kumwona mwanawe. Lakini ruhusa ya kuzuru ni mlango uliofunguliwa. Haimshiki mtu mkono ikamwingiza. Na anayekuja baada ya miaka kudai mtoto ataulizwa alikuwa wapi. Mtoto naye atamwuliza, na swali lake ni zito kuliko la hakimu.

Saa sita mama alitoka. Alikuwa amepewa ulezi, na baba ameamriwa kulipa karo na chakula. Bibi alimshukuru Mungu. Mtoto hakusema neno. Alipanda matatu akageuka nyuma, akaitazama barabara mpaka gari likakata kona.

Wewe uliye mbali na mwanao, usingoje hati ya kuitwa kortini. Nenda leo. Nami nimeacha beti hili:

Hakimu hutoa hati, mtoto kapewa mama,
Baba naye kwa shuruti, karo alipe na sima,
Ila penzi halileti, kwa nguvu wala lazima,
Mwana hakui kwa noti, hukua akitazamwa.