Aliyeuliza Njia ya Soko

Kila mwisho wa mwezi, baada ya swala ya Alasiri, huketi na daftari la misaada katika chumba kidogo kilicho ubavuni mwa msikiti wetu. Wanaokuja ni wengi na haja zao ni za kweli: kodi ya chumba, dawa, ada ya mtoto. Mwezi mmoja aliingia mama mjane ambaye jina lake lilikwisha kuandikwa mara saba. Niliposhika kalamu kuliandika mara ya nane, alinizuia.

"Ustadh, usiandike kwanza. Leo sikuja kuomba unga. Nataka kujua ni nani anayeuza mchele wa jumla bila kutupunja."

Alinieleza kwamba kilichomchosha si njaa, bali kusubiri. Shemeji yake alimwahidi fedha za kila mwezi, na ilipofika tarehe 25 moyo ulimdunda kila simu ilipolia. Zikichelewa, huanza kupekua maneno yote aliyoyasema mbele ya mawifi zake, akitafuta ni lipi lililowaudhi. Hata akiwa katika swala, fikra zake zilikuwa kwenye simu.

Nilikumbuka kisa tulichokisoma chuoni. Muhajirina walipofika Madina mwaka 622, Mtume (s.a.w.) aliwaunga udugu na Ansari. Abdurrahman bin Auf aliungwa na Saad bin Rabii, mtu mwenye mali, naye Saad akamtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka katika watu wake na mali yake, kisha akaomba aonyeshwe soko. Akaelekezwa soko la Bani Qaynuqaa, na hakurejea ila na ziada ya jibini kavu na samli. Haukupita muda mrefu akaoa kwa mahari ya dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende, na Mtume (s.a.w.) akamwagiza afanye walima japo kwa kondoo mmoja.

Tumezoea kukisimulia kisa hiki kwa ajili ya utajiri wake wa baadaye. Mimi hunivutia zaidi jibu lile. Abdurrahman hakumdharau Saad wala hakujifanya hana haja. Alikuwa mgeni asiyejua hata njia za mji. Alipokea msaada, ila alichagua ule ambao mtu akiupata mara moja hauombi tena. Naona aliuhifadhi na udugu wao pia. Anayelishwa na nduguye siku zote huanza kumsoma uso, na nduguye naye, hata akiwa mwema, huanza kuhesabu.

Isifahamike kwamba kupokea ni aibu. Qur'ani Tukufu imewataja mafukara na masikini mwanzo kabisa katika makundi manane ya wanaostahiki zaka. Mgonjwa na kikongwe wanachukua haki yao, na sisi wa kamati hatuna ruhusa ya kuwakunjia uso. (Wapo miongoni mwetu wanaofanya hivyo, nami nimewahi kuwa mmoja wao.)

Kamati ilibishana sana. Mzee mmoja alishikilia kwamba mfuko ule ni wa chakula, si wa biashara. Hatimaye tulimkopesha mama yule fedha za mchele, nazi na chuma cha vitumbua. Wiki ya kwanza aliunguza vingi, na vingine wakala wanawe kwa kukosa wateja. Alipozoea moto ndipo akapata faida ndogo.

Jambo la pili alilifanya bila ushauri wetu. Alimwendea shemeji yake kwa heshima, akamshukuru, akamwomba kila atakachojaaliwa akipeleke moja kwa moja kwa mwalimu wa madrasa ya watoto. Udugu haukukatika, wanatembeleana Idi kama zamani.

Sasa jina lake liko katika ukurasa wa marejesho, shilingi 2,000 kila Ijumaa. Ijumaa mbili ameruka, akaja mwenyewe kunieleza kabla sijamuuliza.